Nati Zisizoonekana

Wahenga walinena kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nusura guu hilo liwe gurudumu la Land Rover kuukuu ya baba.

Ekseli ya nyuma ilipovunjika, tulipata ya gari jingine kwa mafundi wa jua kali mjini Nyeri. Ilikuwa fupi kidogo, matairi yakawa yanasugua springi. Fundi akaweka spesa, yaani bamba nene la chuma linalosukuma gurudumu nje. Spesa hufungwa kwenye habu kwa nati zake, kisha gurudumu hufungwa juu yake na kuzificha.

"Kijana, baada ya kilomita 80, vua magurudumu ukaze zile za ndani," fundi alinionya.

Mimi nikakaza za nje tu, nikamwambia baba, "Tayari."

Jumamosi, tukipeleka viazi Karatina kutoka Naro Moru, gari lilianza kutikisika karibu na Chaka. Mama na wadogo wangu walikuwa nyuma, juu ya magunia. Baba alisimama, akavua gurudumu. Nati mbili za ndani zilifunguka kwa vidole.

Hakunikemea. Alinipa spana tu.

Wasomaji wenzangu, tangu siku hiyo neno "tayari" huniwia zito kinywani.