Kutoka Bagamoyo Hadi Tukuyu

Barua ya ajira ilinitaka niripoti katika shule ya sekondari Tukuyu, wilayani Rungwe, mkoani Mbeya. Mimi ni mzaliwa wa Bagamoyo, ualimu nimeusomea Dar es Salaam, na wakati huo sikuwa nimewahi kuvuka Morogoro. Nyumbani mjadala ukawaka. Shangazi alitaka niombe kubadilishiwa kituo: msichana peke yake, nchi ya baridi, wala hatuna ndugu huko. Bibi akasubiri wote wanyamaze. “Mtembea bure si sawa na mkaa bure,” akasema, “na huyu hata bure haendi, anakwenda kazini.” Mama akaanza kunifungia vyombo.

Kwa kuwa nilikuwa na godoro, ndoo na sanduku la vitabu, nilipanda treni ya TAZARA. Tuliondoka Dar es Salaam alasiri. Chumba chetu cha daraja la pili kilikuwa na vitanda sita, na sote tulikuwa wanawake. Nilimwamkia mama mtu mzima aliyeketi mkabala nami, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza ninakwenda kwa nani. Nikamwambia siendi kwa mtu, ninakwenda kazini. “Basi mwanangu,” akasema, “tangu sasa unaye mtu.”

Jua likizama tulikuwa ndani ya mbuga, eneo ambalo kwa miaka mingi liliitwa Selous. Twiga walisimama karibu na reli, wakitutazama bila haraka. Usiku tukapita Bonde la Kilombero, na pale Ifakara wachuuzi wakaja madirishani na mchele, ndizi na samaki. Yule mama hakulala. Alinisimulia kuwa marehemu mumewe alikuwa miongoni mwa maelfu ya vijana wa Kitanzania waliojenga reli hii pamoja na Wachina, kati ya mwaka 1970 na 1975. Zambia ilihitaji njia ya kupeleka shaba baharini bila kupita Rhodesia ya Ian Smith. Nchi za Magharibi zilikataa kuifadhili, zikidai haitalipa. Nyerere na Kaunda hawakukata tamaa. China ikatoa mkopo usio na riba, na kilomita 1,860 zikajengwa hadi Kapiri Mposhi. Mumewe alitoka kijijini akijua jembe tu. Huko kambini akajifunza kuchoronga miamba.

Baada ya Mlimba njia inaanza kupanda, na hapo ndipo kazi yao ilipokuwa ngumu kuliko kwingine. Mahandaki yanafuatana, madaraja yamepita juu ya makorongo ambayo alfajiri ile sikuweza kuona mwisho wake. Kila tulipoingia gizani nilimfikiria kijana yule wa jembe akiwa amesimama mbele ya mwamba. Nilijua sasa kwamba hata yeye hakufika akiwa fundi. Ufundi aliukuta kazini.

Makambako baridi ilinipiga kifuani. Mama aliniitia mchuuzi wa mitumba, nikanunua sweta zito, naye akambana bei kana kwamba fedha ni zake. Kabla ya kushuka alinikabidhi kwa abiria mwingine aliyekuwa akienda Uyole: “Huyu ni binti yangu, hakikisha amepanda gari la Tukuyu.” Na kweli, tulipofika stesheni ya Mbeya, dada yule hakuniacha mpaka godoro langu lilipofungwa juu ya kosta.

Barabara ya kwenda Tukuyu inauzunguka Mlima Rungwe. Kote ni kijani: migomba, mashamba ya chai, miparachichi, na mvua ambayo kwetu pwani tungeiita ya masika ingawa masika yalikuwa yamekwisha. Shuleni nilipokewa na mkuu wa shule pamoja na wanafunzi waliogombania kubeba sanduku langu. Mmoja akauliza, “Mwalimu, wewe ndiye wa fizikia?” Kidato chao cha tatu kilikuwa hakina mwalimu wa somo hilo. Kumbe wakati sisi Bagamoyo tunabishana kama niende, kuna watoto walikuwa wakinisubiri.

Nimeishi Tukuyu tangu hapo. Nimezoea baridi, ninakula ndizi kama mwenyeji, na kushukuru kwangu sokoni ni “ndaga”. Ninachoweza kumwambia kijana aliyeshika barua ya kazi ya mbali ni hiki: usingoje woga uishe ndipo ufunge safari. Wangu ulipungua njiani, kwa kuuliza na kukubali kusaidiwa na watu nisiowajua. Nanyi wazazi, shangazi na wajomba, mtoto akipangiwa mbali msianze kwa kutafuta wa kumrudisha. Mfungieni vyombo, mmwombee dua, mmwache aende.