Barua ya Bweni

Mwaka 1987 mke wangu na mimi tulifunga safari kwa baiskeli kutoka Tanga mjini kwenda Pangani. Ni kama kilomita 50. Mimi nilikanyaga pedali, yeye alikaa nyuma kwenye keria, mkoba wa ukindu mapajani. Tulitaka kuvuka mto tufike Bweni, kuzuru kaburi la mama yake. Mara nyingi alikuwa ameniomba twende wote, nami kila mara nilipata udhuru.

Mfukoni nilikuwa na barua. Yeye hakujua.

Tuliondoka alfajiri. Siku hizo barabara ilikuwa ya vumbi, na mara kwa mara ulipita katikati ya mkonge. Je, unajua kwamba mkonge si mmea wa kwetu? Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Mingi ilikufa njiani. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, kusini ya Mto Pangani. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge. Mimi niliukata miaka kumi na minne. Miba yake naijua kuliko majina ya babu zangu.

Tulipumzika Tongoni. Hapo pana magofu ya msikiti na makaburi ya zamani sana, mengine yana nguzo ndefu. Watu wa kale walipachika bakuli za Kichina kwenye nguzo hizo. Bahari iko karibu. Katika miamba ya huko ndiko merikebu moja ya Vasco da Gama ilikokwama mwaka 1498. Mwaka 1499, wakirudi kutoka Bara Hindi, Wareno waliitia moto wenyewe, kwa kuwa mabaharia wengi walikuwa wamekufa.

Mke wangu alitazama makaburi yale, akasema, "Haya hayana wa kuyapalilia." Sikujibu.

Kigombe tulikula samaki na muhogo. Nilikuwa nimechoka, miguu inatetemeka, lakini sikuwa na hamu ya kufika.

Sasa nikueleze habari ya barua. Mwaka 1970 ulikuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Shambani kwetu darasa lilikuwa jioni, chini ya mwembe. Nilimwambia mke wangu kwamba nasoma. Kumbe nilikuwa nakwenda kunywa tembo la mnazi. Mwaka 1971 karani akanipa barua. Niliifungua mbele yake, nikaitazama kama msomaji, nikatikisa kichwa. Kisha nikaificha katika kopo. Ningempa mtu anisomee, mke wangu angejua kwamba mimi ni mwongo.

Siku ya kumi na moja akaja shemeji yangu na habari za msiba. Akauliza, "Barua yetu hamkuipata?" Nikasema, "Hatukuipata." Mke wangu alikwenda Bweni kwenye arobaini bila mimi.

Baada ya hapo niliingia darasani kweli. Mwaka 1973 nikafungua kopo. Barua ile ndiyo ya kwanza niliyoisoma mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho.

Tulifika Pangani alasiri, tukaingia kwenye pantoni. Mto pale ni mpana, maji yake yana rangi ya udongo. Nilitoa barua nikaisoma kwa sauti, sauti yenyewe haitoki vizuri: "Mama hajiwezi. Kila siku anamtaja binti yake. Mlete upesi."

Abiria mmoja aligeuka kututazama. Mke wangu aliangalia maji.

"Ulikaa nayo siku ngapi?"

"Kumi na moja."

"Na mama alikufa siku ya ngapi?"

Nilikuwa nimekwisha kuhesabu zamani. "Ya tisa."

Pantoni ikagusa Bweni. Akashuka na mkoba wake, akapanda kilima bila kuangalia nyuma. Mimi nikasukuma baiskeli nikimfuata. Kaburini akaanza kung'oa majani. Nilipoinama nimsaidie, akasema, "Acha." Nikaacha. Nikakaa chini ya mnazi.

Jua lilikuwa linatua alipomaliza. Akanawa mikono, akaja akaketi, si karibu nami, wala si mbali.

"Baba watoto," akasema, "isome tena. Pale anaponitaja."

Nikasoma. Akaniambia nisome polepole. Nikaanza upya.