Daftari la Zamu
Umri wangu wa kazi umeishia katika hoteli za pwani, na hoja niliyotoka nayo ni moja: hoteli nyingi zina mafunzo ya kutosha, zinachokosa ni kumbukumbu. Sibezi shule. Chuo cha Utalii cha Kenya, kilichoanza mwaka 1975 kwa msaada wa Uswisi, kimezipa hoteli zetu wapishi na wahudumu hodari. Lakini chuo humfundisha mtu. Hoteli yenyewe hujifunza pale kosa la zamu ya usiku linapofika kwa zamu ya asubuhi kabla mgeni hajalalamika mara ya pili: kiyoyozi kinachovuja, kitasa kilicholiwa na chumvi ya bahari, mgeni asiyekula samaki. Daftari la zamu likiandikwa “hakuna tatizo” mwezi mzima, mimi husoma woga humo. Anayeandika kosa akikatwa mshahara, nani ataandika?

Ritz-Carlton ya Marekani, iliyotunukiwa tuzo ya Malcolm Baldrige mwaka 1992 na tena 1999, inajulikana kwa kumruhusu mfanyakazi atumie hadi dola 2,000 kumtatulia mgeni shida bila kumngoja meneja. Watu hushangaa dola. Mimi naona siri iko kwenye kikao kifupi cha kila siku kabla ya zamu. Mwenye hoteli Diani au Nungwi atanijibu kwamba wale wana fedha, ilhali yeye masika ya Aprili na Mei humwachia vyumba vitupu. Mishahara ailipe kwa nini? Hoja hiyo ni nzito. Ila akiwaachisha watu na kuajiri wageni wa kazi mwezi Julai, gharama haijafutika, imehama tu: shuka zinafuliwa mara mbili, vyumba haviko tayari saa nane mchana, watu wamekalia mizigo yao mapokezini. Wengine hutegemea kompyuta. Kompyuta hutunza kilichoingizwa. Dirisha la kukaguliwa kwanza kusi ikianza analijua mtunza vyumba wa siku nyingi, na hajaulizwa. Na akihamia hoteli jirani? Wapo watakaohama, kweli, lakini aliyeandika hahami na daftari. Kwa hiyo ningebakiza hata wachache wakati wa masika. Miezi hiyo ndiyo pekee yenye nafasi ya kulifungua daftari la mwaka mzima na kuuliza kwa nini chumba kilekile kimeandikwa mara kumi na moja.