Anko, Gari Lako Limelewa

Niliambiwa hivyo na mtoto wa jirani mwaka 2014, kwenye uwanja wa mpira nyuma ya nyumba yetu Morogoro. Alisema kweli. Kigari changu, kikubwa kama beseni la kufulia, kilitakiwa kwenda kutoka goli la juu hadi goli la chini bila kuguswa na mtu. Kilianza vizuri, kikapinda kushoto, kikajirudi kulia, kikaishia mtaroni.

Sebuleni kilikuwa na adabu. Programu ilihesabu mizunguko ya magurudumu, ikajua kimekwenda mita ngapi, kikageuka na kurudi. Sakafu ya vigae haina siri. Uwanjani gurudumu huteleza kwenye vumbi na kuzunguka bure, na kila mzunguko wa bure kigari kiliuhesabu kuwa safari. Kilisimama palepale kikiamini kimefika mbali.

Nikakipa GPS. Hadi Mei 2000 Marekani ilikuwa ikivuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayopokelewa na raia, kosa likafikia kama mita 100. Kipokezi changu, kidogo kuliko kiberiti, kilikosea mita mbili tatu tu. Nikaziona si kitu, nikaweka sharti: simama ukiwa ndani ya mita moja ya goli. Kigari kikafika golini, kikaanza kuzunguka na kuzunguka, kama mtu aliyeangusha funguo majanini. Nilipolegeza sharti hadi mita tatu, kikasimama. Watoto wakapiga makofi. Mimi nikaona haya kidogo, maana nilichorekebisha ni ukali wangu.

Ulevi wa njiani ukabaki. Jioni moja nikakipandisha juu ya matofali, magurudumu yakining'inia, nikatazama namba za dira ya kigari kwenye laptopu. Mota zikiwa zimezimwa: nyuzi 90, mashariki kabisa. Nikaziwasha: 131. Nikazima: 90. Zilikuwa mota za waipa nilizonunua Gerezani, Dar es Salaam, zenye kula umeme mwingi, na umeme ukipita kwenye waya huzaa usumaku. Dira nilikuwa nimeibandika juu ya mota hizo kabisa. Dawa ikawa kipande cha bomba la maji la plastiki, sentimita 40, dira ikakaa kileleni. Majirani wakauliza kama nimefungua kituo cha redio.

Kabla ya jioni ile nilikuwa natafuta kifaa kimoja cha kuaminika. Baada yake nikaandika programu upya, ikawa inawauliza wote: magurudumu yanasemaje, dira inasemaje, satelaiti za GPS zinasemaje. Anayepishana mno na wenzake, neno lake linapunguzwa uzito. Ni kama wazee wakikaa kusuluhisha mpaka wa shamba: hakuna anayejua yote, ila mpaka unapatikana.

Nilijiliwaza pia kwa habari za jangwa la Mojave. Mwaka 2004 magari yasiyo na dereva yalishindanishwa huko, na lililofika mbali zaidi lilikwama kabla ya kilomita 12. Mwaka uliofuata matano yalimaliza njia ya kilomita 212, na mshindi akawa Stanley, gari la Chuo Kikuu cha Stanford. Nalo halikutegemea shahidi mmoja. Waliokuwa na fedha na maprofesa walikwama kwanza, sembuse mimi na bomba langu la maji.

Miaka mitatu baada ya siku ile ya mtaroni, yule mtoto wa jirani, sasa kijana anayesomea ufundi umeme, alikuja kutazama. Mvua zilikuwa zimenyesha na uwanja umeota nyasi hadi magotini. Kigari kikaondoka golini kimenyooka kama uzi. Katikati ya uwanja kikasimama ghafla, kikarudi nyuma, kikasogea, kikasimama tena. Sensa ya mbele, inayotuma sauti na kusubiri mwangwi, ilikuwa imeona nyasi ikadhani ukuta.

Kijana akachuchumaa pembeni, akakitazama kwa muda.

"Anko, leo halijalewa," akasema. "Linaogopa."

Nikafungua laptopu palepale kwenye nyasi, naye akasogea kushika betri.