Mpanda: Nyumba ya Zamani, Ndoa Changa

Kuna mambo matatu yanayopima penzi la vijana wa siku hizi: simu, wakwe na ukarabati wa nyumba. Simu unaweza kuizima. Wakwe unaweza kuwapenda kwa mbali. Lakini ukarabati, mpenzi msomaji, unalala nao, unaamka nao, na unazila hela zenu wote wawili bila huruma.

Niliyaona haya kwa macho yangu Mpanda, kule Katavi, katikati ya Oktoba, wakati vumbi limetawala na kila mtu anaitazama mbingu. Rafiki yangu niliyesoma naye mawasiliano chuoni ameolewa huko. Mumewe amerithi nyumba ya matofali ya kuchoma yenye vyumba vinne, baraza la mbele na mwembe mkubwa upande wa magharibi. Bibie ana mimba ya miezi mitano, mama mkwe yuko njiani kuja kuishi nao, na mvua ziko mlangoni. Hela iliyobaki ilitosha kazi moja kubwa tu. Ndipo ugomvi ulipoanza: kazi ipi?

Mji wa reli na risasi

Kwa wale ambao hawajafika, Mpanda si kijiji tena. Mwaka 2012 Katavi ilimegwa kutoka Rukwa na kuwa mkoa, Mpanda ikawa makao makuu. Siku hizi unatoka Tabora kwa lami, unapita Sikonge, halafu ni misitu ya miombo mpaka uchoke. Hii ni nchi ya mninga, tumbaku na asali. Ile ya Inyonga usiondoke bila chupa moja.

Zamani njia ilikuwa treni. Tawi la reli kutoka Kaliua, kilomita zipatazo 210, lilijengwa na wakoloni kwa sababu ya mgodi wa madini ya risasi uliofanya kazi hapa miaka ya 1950. Mgodi ulifungwa, reli ikabaki, na mji ukabaki pia. Hiyo risasi ikumbuke, tutairudia.

Sasa mji unapanda. Kila mtaa una rundo la mchanga, na kila kijana mwenye ajira ana picha za sebule kwenye simu yake. Shida ni kwamba nyingi ya picha hizo zimepigwa mahali pasipo na jua la Mpanda wala mvua yake.

Ukuta uliobeba paa

Shemeji alikuwa na ndoto moja: kuvunja ukuta kati ya sebule na jiko, apate ukumbi mmoja mpana, kisha dari la jipsam lenye taa za rangi. Fundi wake, mzee mtulivu mwenye penseli sikioni, aliugonga ukuta mara mbili akatabasamu.

"Bwana mdogo, huu umebeba kenchi. Ukiutoa, bati utalikuta mezani."

Kosa hili linafanywa kila mahali. Si kila ukuta wa ndani ni wa kugawa vyumba tu. Mwingine umebeba uzito wa paa. Ukitaka kuutoa, sharti kwanza lijengwe boriti la kuupokea mzigo, na hesabu hiyo ifanywe na mtu anayejua kazi, si shemeji yako mwenye nyundo. Boriti hilo ni nondo, saruji na hela, na wengi wanalisahau kwenye bajeti.

Halafu kuna jiko lenyewe. Jiko la kwenye picha lina gesi na mashine ya kuvuta moshi. Jiko la Mpanda lina gesi kwa chai ya asubuhi, na mkaa kwa maharage. Ukiunganisha jiko na sebule huku bado unapikia mkaa, moshi unahamia kwenye makochi, na ile hewa ya sumu isiyo na harufu inabaki na mnaolala. Rafiki yangu alisema neno moja tu: "Mama atapikia wapi?" Kimya. Kibanda cha jiko la nje, ambacho shemeji alitaka kukibomoa, kimesalimika.

Nyumba nayo inahema

Mafundi wa zamani waliacha matundu ya hewa juu ya madirisha. Vijana wa leo tunayaziba kwa plasta, eti yanaingiza vumbi na kuharibu sura. Kisha tunang'oa madirisha ya kufunguka kama mlango na kuweka ya alumini ya kusukuma pembeni, ambayo hata ukiyafungua yote, nusu tu ndiyo inayopitisha hewa. Tunamalizia kwa kushusha dari. Hewa ya moto hupanda juu, ikikosa pa kutokea inakaa kichwani mwako. Kesho yake mnanunua feni mbili na kulalamikia bili ya umeme.

Dari si kosa. Chini ya bati linasaidia sana. Ila liache juu, na nafasi kati yake na bati ipate matundu yenye wavu ili joto litoke na popo wasiingie. Matundu ya ukutani yawekee wavu wa mbu. Madirisha yawe pande mbili za chumba, upepo uingie huku utokee kule.

Na mwembe je? Shemeji alitaka kuukata apate sehemu ya gari. Jua la saa kumi jioni linapiga ukuta wa magharibi, na ukuta huo ndio wa chumba cha kulala. Matofali hayo yanakunywa joto mchana na kulitapika usiku. Mti ule ni kiyoyozi kisicho na bili.

Maji kwanza, mapambo baadaye

Jumamosi tuliacha ugomvi nyumbani tukaenda Sitalike, kilomita kama 35 kusini, kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1974 na ina zaidi ya kilomita za mraba 4,400, lakini wageni ni wachache, unaweza kujisikia ni yako. Jina linatokana na Katabi, mwindaji wa masimulizi ya wenyeji, ambaye roho yake inaaminika kukaa kwenye mkwaju kando ya Ziwa Katavi. Watu huacha sadaka pale. Shemeji alipoisikia habari hiyo, mke wake akamtazama: "Unaona? Miti haikatwi ovyo." Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Mto Katuma ulikuwa umebaki madimbwi. Viboko walijazana kwenye tope, mgongo juu ya mgongo, wakikoroma na kung'atana. Wiki chache baadaye, mvua zikishika, mbuga ile ile inafurika. Huku mwaka una sura mbili: ukame wa Mei hadi Oktoba, na mvua za Novemba hadi Aprili. Nyumba nayo lazima iishi sura zote mbili.

Nadhani ni pale mtoni shemeji alipoanza kulainika. Njiani kurudi akauliza, kwa sauti ya chini, kama gata ni bei gani.

Maana ukuta wa sebule yao una weupe kama magadi chini, na rangi inabanduka. Huo ni unyevu unaopanda kutoka ardhini ukibeba chumvi. Nyumba nyingi za zamani hazina tabaka la kuzuia maji juu ya msingi. Watu wanaufunika kwa marumaru au rangi ya mafuta, na unyevu unapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea. Dawa inaanzia nje: gata, mfereji wa kupeleka maji mbali, na udongo uliorundikana ukutani ushushwe. Plasta iliyooza ibanduliwe, ukuta ukauke vizuri, ndipo upige mpya. Na zile paa za kisasa zilizofichwa nyuma ya ukuta, zisizo na mapaa ya kutokeza nje? Zinapendeza pichani. Mvua ya kuchapa ikija, ukuta wote unalowa.

Vumbi la rangi ya zamani

Sasa turudi kwenye ile risasi. Madini haya yaliwahi kuchanganywa kwenye rangi za nyumba dunia nzima. Nyumba ya zamani huenda ina tabaka hilo chini ya rangi mpya, na ukilipiga msasa mkavu, vumbi lake linaathiri ubongo wa mtoto, hata aliye tumboni. Kama huna njia ya kupima, chukulia kuwa ipo. Lowesha kabla ya kukwangua, vaa barakoa ya maana, funika sakafu, osha kwa maji badala ya kufagia, na mjamzito na watoto walale kwingine mpaka kazi iishe.

Msasa ulikuwa umeshanunuliwa. Shemeji aliutazama, akamtazama mkewe, akauweka kabatini.

Walichokubaliana

Jumapili usiku waliandika orodha barazani kwa mwanga wa tochi ya simu. Kwanza bati, gata na mfereji, kabla ya mvua. Pili choo cha ndani, sakafu iwe na mteremko wa kupeleka maji kwenye tundu na marumaru yenye mikwaruzo, kwa sababu mama mkwe ana miguu ya wasiwasi. Tatu nyaya na soketi, zipangwe kabla ya plasta na si baada. Plasta yenyewe isubiri kiangazi kijacho, ukuta ukishakauka. Rangi mpya na ile taa ya rangi anayoipenda shemeji vije mwisho kabisa.

Hakuna aliyepata kila alichotaka. Lakini niliona kitu: walipoacha kubishana kuhusu sura ya nyumba na kuanza kuulizana nani ataishi humo, hasira iliisha. Kwa hiyo wewe na mwenzio, kabla hamjamwita fundi, kaeni chini muulizane: mama atapikia wapi, mtoto atatambaa wapi, maji ya mvua yataelekea wapi. Mkishajibu hayo, chagueni rangi ya pazia mnavyotaka. Hata ya zambarau, nani atawauliza?