Kupanga Idara kwa Tarakimu Zisizotulia

Miaka michache iliyopita nilitiwa katika kamati iliyotakiwa kupanga idara za chuo kwa ufanisi, tangu ya kwanza hata ya mwisho. Idara ya mwisho ingepoteza nafasi moja ya mwalimu. Mimi ni mwalimu wa lugha; hesabu niliiacha shuleni bila ya majonzi, nayo, nadhani, haikunililia.

Mwenzetu wa hisabati alitufundisha njia iliyotangazwa mwaka 1978 na Charnes, Cooper na Rhodes. Kila idara hutazamwa kwa vitu inavyotumia, kama walimu na fedha, na vitu inavyotoa, kama wahitimu na maandishi. Kila kitu hupewa uzito, kisha jumla ya matoleo hugawanywa kwa jumla ya matumizi. Idara huruhusiwa kujichagulia uzito unaoifaa kupita wote, mradi uzito huo huo usiifanye idara yoyote ivuke 1. Ishindwayo kufika 1 hata kwa mizani iliyojichagulia yenyewe haina pa kulalamika. Niliupenda uungwana huu.

Taabu ilikuwa katika tarakimu. Idara yangu iliandika kuwa wanafunzi wake wa jioni walikuwa "kati ya 40 na 60". Idara jirani, kuwa utafiti wake ulikuwa "mwingi". Nilimkumbuka bibi yangu aliyeuza mchele kwa kibaba: cha mfuto kwa mgeni, cha kumwagika kwa jirani, na vyote viwili viliitwa kibaba. Katibu alitaka tuandike 50, na "mwingi" tuufanye 4, tuwahi chakula cha mchana.

Mwenzetu alikataa. Mwaka 1999 Cooper, pamoja na Park na Yu, walionyesha kuwa takwimu za namna hiyo zaweza kuingia katika hesabu jinsi zilivyo, mipaka ikabaki mipaka na daraja ikabaki daraja. Basi tukaihesabu kila idara mara mbili: kwanza bahati yake ikiwa njema na ya wenzake mbaya, kisha kinyume chake. Kwa 50 ya katibu, idara yangu ilinusurika na jirani akawa wa mwisho. Kwa 40, mambo yaligeuka.

Tuliandika kwamba idara hizo mbili haziwezi kutanguliana. Ripoti ilirudi na swali moja kwa wino mwekundu: ipi ya mwisho?

Jioni ile nilikwenda kusimama mlangoni mwa darasa letu, nikawahesabu wanafunzi kwa kidole. Walikuwa 43. Nikahesabu tena.