Nimemuuza mbwa wa babu!

Mpenzi msomaji, usishtuke. Mbwa mwenyewe hali wala habweki. Ni yule mweupe mwenye masikio meusi anayesikiliza gramafoni, nembo ya His Master's Voice. Mbwa wa siku nyingi huyo. Mwaka 1928 Siti binti Saad alipovuka bahari kutoka Zanzibar kwenda Bombay kurekodi, aliwarekodia hao hao wenye mbwa.

Kwetu Chamwino alikaa kwenye sahani moja ya marehemu babu, ndani ya mfuko wa kaki uliotobolewa duara katikati. Sahani ndogo za zamani nyingi hazikuwa na jalada la picha. Mfuko ulitobolewa ili lebo ichungulie, basi nembo, rangi na maandishi yote yanabanana kwenye kiduara cha kiganja. Wee acha tu, kazi ya watu hiyo!

Mashine ya babu ilikufa kabla sijazaliwa, kwa hiyo muziki wake niliujua kwa macho. Zile sahani kubwa za inchi 12 ndizo zilikuwa na majalada ya kufa mtu. Vijana wamesimama na magitaa, afro hilo, bugaluu, viatu vya raizoni, herufi zimevimba kama maandazi. Nilikuwa nayalaza sakafuni nabuni nyimbo zangu mwenyewe.

Sasa mwaka juzi akaja jamaa wa saluni ya kiume kutoka Dodoma mjini. Anataka mambo ya kizamani apambe ukuta. Akanitajia elfu thelathini kwa mzigo wote. Mfukoni sina hata nauli ya bodaboda. Nikampa.

Jioni bibi karudi shamba.

"Mume wangu, yule mbwa umemweka wapi?"

"Bibi, nimemuuza."

Akakaa chini. Kumbe nyuma ya ule mfuko babu aliandika kwa kalamu ya wino jina la bibi na tarehe waliyooana. Mimi niliuona mwandiko huo miaka yote, nikadhani ni wa muuza duka! Bibi hajui kusoma, lakini mistari ile miwili anaijua kama anavyojua nyayo za mbuzi wake. Babu hakuwahi kumwandikia kitu kingine.

Kesho yake nikadandia gari la asubuhi. Saluni imependeza, siwezi kudanganya. Kachora ukutani lile jalada la Beatles la mwaka 1969, Abbey Road, jamaa wanne wanavuka barabara, wa tatu yuko peku. Mbele halina jina la bendi wala la albamu, na bado kila mteja anawajua. Pembeni majalada ya babu yamejipanga, na mbwa katikati kapigiliwa msumari kwenye tundu.

"Na mfuko wake?"

"Ule wa kaki? Nilitupa, kaka. Ulikuwa umechakaa, hauna picha."

Mbwa nimerudi naye, kwa elfu tano. Bibi kamfunga kwenye kanga, kamweka sandukuni. Mfuko hajaniuliza mpaka leo.